Kuongoza darubini: anza na chuma kabla ya programu

Kuongoza ni kuacha kamera ndogo ifuatilie nyota moja ili programu isahihishe mwendo wa stendi inayobeba darubini. Wanaoanza kupiga picha za nebula na galaksi huuliza sana swali hili: RMS yangu (wastani wa kosa la kufuata nyota) ni sekunde za tao 0.9, yaani sehemu za 3600 za digrii, je, ni nzuri? Halijibiki mpaka tujue una darubini gani na kamera gani. Chukua 206.265, zidisha kwa ukubwa wa pikseli kwa mikromita, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Pikseli za 3.76 kwenye darubini ya milimita 530 zinakupa sekunde za tao 1.46 kwa kila pikseli, na hapo 0.9 inatosha kabisa. Ihamishe kamera hiyohiyo kwenye darubini ya milimita 2000, utapata 0.39, na 0.9 ileile itakupa nyota zilizovimba.

Namba yenyewe inaweza kuwa ya uongo. Programu ya kuongozea kama PHD2 inahesabu kwa kutumia urefu wa fokasi ulioandika wewe, na lazima uwe wa darubini ya kuongozea, si wa ile kubwa ya kupigia picha.

Halafu usitazame jumla peke yake. RA (mhimili wa mashariki-magharibi) ikiwa 1.2 na Dec (wa kaskazini-kusini) 0.4, jumla ni takriban 1.27. Mihimili yote miwili ikiwa 0.9, jumla ni ileile 1.27. Lakini picha ya kwanza itakuwa na nyota zenye umbo la yai, ya pili zitakuwa za mviringo. Mimi naichagua ya pili bila kusita.

Sasa chuma. Stendi ya ikweta, inayozunguka sambamba na mhimili wa Dunia, inafuata anga kwa takriban sekunde za tao 15 kila sekunde, na RA huzungushwa na skrubu inayosukuma gurudumu lenye meno. Hakuna skrubu iliyochongwa sawasawa kabisa, kwa hiyo kila ikimaliza mzunguko kosa lilelile hurudi. Kwenye stendi nyingi mzunguko huo ni wa dakika kadhaa. Ukiona RA inapanda na kushuka kwa mpangilio huo, usilaumu upepo. Ongeza uzito kidogo upande wa mashariki ili meno yabaki yamegusana upande mmoja, na ukumbuke kusawazisha upya darubini ikishavuka meridiani (mstari wa angani wa kaskazini hadi kusini) na kugeuka.

Dec ina tabia nyingine: gia zake zikicheza, amri ya kugeuza mwelekeo inamezwa. Utaiona wazi kwenye grafu. Nyota inateleza upande mmoja, programu inatuma msukumo baada ya msukumo, hakuna kinachosogea, kisha ghafla inaruka mstari na kupitiliza. Ukiongeza nguvu ya masahihisho hapo, mruko unakuwa mkubwa zaidi. Kaza gia kwa uangalifu, au ruhusu Dec isahihishwe upande mmoja tu, ule unaopinga utelezaji huo. Na nyaya, tafadhali! Waya unaoning'inia ukishikwa na mguu wa stendi unavuta darubini nzima. Zifunge zote pamoja, kisha izungushe darubini kwa mkono pande zote kabla giza halijaingia.

Chuma kikitulia ndipo uguse mipangilio. Kosa la kawaida ni kupiga picha za kuongozea za nusu sekunde: nyota inacheza kwa sababu ya hewa, nawe unaamuru stendi iukimbize mchezo huo. Kwa stendi za gia za kawaida, sekunde 2 hadi 3 ni mahali pazuri pa kuanzia. Zile za gia za hamoniki ndizo zinazohitaji muda mfupi zaidi, maana kosa lao hubadilika haraka.

Pia jua pa kuacha. Hewa ikitanua nyota hadi sekunde za tao 3, na kila mhimili una RMS ya 0.5, nyota itatoka na upana wa takriban 3.2. Ukihangaika usiku kucha ukafika 0.4, inakuwa 3.1. Saa hizo zingekusanya mwanga.

Ikiwa grafu ni tulivu lakini nyota bado ni ndefu, linganisha picha ya kwanza na ya mwisho za usiku huo. Nyota zote zikiwa zimehama polepole kuelekea upande mmoja, huenda darubini ndogo ya kuongozea inapinda kwenye vishikizo vyake. Kaza vishikizo hivyo, na ikishindikana tumia kioo kidogo kinachochota mwanga wa kuongozea ndani ya darubini kubwa yenyewe.