Terry, Mai na Geese kwenye nyumba za watu: maswali yenu ya SNK

Juzi niligusia mstari mmoja tu kuhusu Terry Bogard kuzichapa na Ryu ndani ya gemu ya mapigano ya Street Fighter 6, basi meseji zikaanza kumiminika hadi nikaizima simu nikalala. Nyingi zinafanana kwa hiyo nimechagua chache, na kama lako halimo usinune.

Mdogo wangu anasema Terry ni mtu wa Smash Bros., mimi namjua Street Fighter 6. Nani kapatia? (Mwanza)

Mmekosea wote wawili hahaha. Terry kwao ni SNK, kampuni ya Osaka iliyoanza 1978, na gemu yake ya kwanza kutokea ni Fatal Fury ya 1991. Mzee Jeff Bogard, aliyemlea yeye na mdogo wake Andy, aliuawa na Geese Howard, tajiri mhuni anayeushika mji wa South Town mkononi, vijana wakakua wakarudi kulipiza. Hayo mengine yote ni safari tu: Smash Bros. Ultimate ya Nintendo aliingia Novemba 2019, Street Fighter 6 Septemba 2024.

Ila angalia kitu kimoja. Kwenye Smash karibu kila mtu pigo lake ni kubonyeza batani na kuelekeza upande basi, lakini Terry ukitaka unamchezea kwa komandi za kizamani, zile za kuzungusha chini kwenda mbele ndo ubonyeze ngumi, na yale mapigo yake mawili makubwa, Power Geyser na Buster Wolf, hayakubali kutoka mpaka uwe umepigwa hadi asilimia zako zifike 100. Aliyecheza SNK za miaka ya tisini anajua kwa nini, kule ilikuwa lazima damu yako ifike pabaya, mstari uanze kumweka mwekundu, ndipo unaruhusiwa kutoa pigo la kufa na kupona. Yaani jamaa kaenda ugenini na mkeka wake.

Kwa nini King of Fighters wanapigana watatu watatu? Na mbona kuna watu wa gemu tofauti tofauti humo? (Morogoro)

Hapa nikae kidogo maana hili ndo swali lenyewe. Watu wakisikia crossover, yaani wahusika wa gemu tofauti kukutana, wanawaza kampuni mbili zimesaini mkataba, SNK wao walianza kujichanganya wenyewe kwa wenyewe. The King of Fighters '94 (kwa kifupi KOF) ilipotoka walikuwa na gemu nyingi za nyuma ambazo hazihusiani, wakakusanya watu wa baadhi yake kwenye shindano moja, timu 8 za watu watatu, jumla 24, kila timu imepewa nchi. Italia wamekaa Terry, Andy na Joe wa Fatal Fury. Mexico wamekaa Ryo na Robert wa Art of Fighting pamoja na mzee Takuma. Brazil ni Ralf na Clark, hawa walikuwa makomandoo wa Ikari Warriors ya 1986, gemu ya kutembea na bunduki unafyatua kila kinachosogea, sasa wamenyang'anywa bunduki wameambiwa wapigane kwa mikono. Athena wa timu ya China naye katolewa Psycho Soldier ya 1987. Wapya wakaongezwa, akiwemo Kyo Kusanagi wa timu ya Japani ambaye ndo akaja kuwa sura ya gemu nzima.

Na utatu wenyewe sio pambo. Ukimpiga wa kwanza anaingia wa pili, wewe umebaki na damu ileile unarudishiwa kidogo tu, kwa hiyo kupanga nani aanze nani amalize ni nusu ya gemu. Kwenye '94 timu huwezi kuivunja, ukimtaka Kyo unachukua na Benimaru na Daimon, mpaka '95 ndo wakaruhusu uchanganye unavyotaka.

Halafu kuna Rugal, bosi wa mwisho, ana meli ya kivita na anawageuza aliowashinda kuwa masanamu ya ukumbini kwake. Ukimpiga raundi ya kwanza unashangilia, kumbe anavua koti tu, anarudi na mapigo aliyowaibia akina Geese, na ile teke yake ya Genocide Cutter ikikupata unaangalia damu nusu imeondoka. Nina ndugu yangu hadi leo hajamtoa.

Ni kweli SNK waliiga Street Fighter? (Nakuru)

Wee, hii ni kesi ya familia, usiingie na panga. Street Fighter ya kwanza kabisa, ya 1987, kampuni ya Capcom waliitengeneza chini ya Takashi Nishiyama akisaidiana na Hiroshi Matsumoto. Hao wawili wakahamia SNK wakatengeneza Fatal Fury. Kwa hiyo 1991 Capcom wanatoa Street Fighter II, na mwaka huohuo yule aliyeanzisha ya kwanza anatoa ya kwake kwa jirani, maana kampuni zote mbili ni za Osaka. Sasa hapo nani kamwiga nani? Mtu kuiga mwandiko wake mwenyewe tunaita nini?

Ila kwenye Art of Fighting ya 1992, naongea ukweli, kulikuwa na kaujasiri fulani. Ryo kavaa gi, lile vazi la karate, anarusha moto, Robert rafiki yake tajiri anafanana staili naye kabisa, mtu yeyote akiwaona anasema Ryu na Ken hawa hapa. Capcom hawakwenda mahakamani, walilipiza kwa kejeli, na ndo ninawapendea hapo. 1995 kwenye Street Fighter Alpha wakamficha mtu anaitwa Dan Hibiki: sura na nywele za Robert zimefungwa mkia nyuma, gi kama ya Ryo ila ya pinki, moto akiurusha unazimika kabla haujafika popote, halafu anakudhihaki mpaka unacheka wewe unayempiga. Dan ni tusi lenye miguu miwili. Na watu walimpenda wakamfanya wa kudumu, mpaka leo kuna wanaomchagua makusudi ili ukipigwa naye ukose pa kuuweka uso.

Mwisho wa Nishiyama ndo mtamu. Mwaka 2000 akafungua kampuni yake, Dimps, na Capcom walipotaka kuifufua Street Fighter kwa namba 4 wakaitengeneza pamoja na Dimps. Mzee karudi nyumbani kupitia mlango wa nyuma.

Mai Shiranui kwa nini hakuwekwa Smash pamoja na Terry? (Dodoma)

Nguo. Mai ni ninja wa kike wa SNK na anavaa kidogo mno. Sakurai anayeitengeneza Smash alisema mwenyewe kwamba gemu ile ni ya watoto wema wa rika zote, na wakati uwanja wa Terry una watu kibao wa SNK nyuma wanaangalia, Mai hayumo hata pale. Street Fighter 6 walimpokea Februari 2025, wakampa na koti la kuvaa juu, akarusha upepeo wake kama kawaida na dunia haikuanguka.

Geese aliyekuwepo Tekken 7 ndiye yule aliyekufa? (Tabata)

Ndiye. Kwenye Fatal Fury yenyewe Geese alianguka ghorofani 1991 akapona, akarudi, halafu Real Bout ya 1995 akaanguka tena kutoka mnara wake, Terry kamdaka mkono kabisa anataka kumvuta, mzee kajichomoa mwenyewe anaanguka huku anacheka. Hapo alikufa kweli. Lakini King of Fighters ina kalenda yake, huko Geese ni mzima wa afya anakunywa mvinyo wake, na Tekken 7 walipomchukua Novemba 2017 nao hawakuuliza cheti cha kifo.

Naye alikuja na mkeka wake. Tekken ni gemu ya kuzunguka pembeni na kombo za kumchezesha mtu hewani, Geese kaingia na mita yake ya chini ya kioo, ile inayojaa ndo utoe pigo kubwa, kama ya gemu za pande mbili, anarusha moto wa Reppuken unatambaa ardhini, watu wa Tekken wakalalamika wee mpaka wakachoka. Mimi niliyehangaika na Raging Storm ya zamani sikuwaonea huruma. Ile komandi ilikuwa chini-nyuma, ukimbilie mbele, ushuke chini-mbele, chini, chini-nyuma, nyuma, ndo urudi chini-mbele na ngumi. Isome tena polepole. Kwenye kibanda tulichokuwa tunacheza, pedi zilikuwa zimekwanguliwa mpaka mishale haionekani, kaka mmoja tu mtaa mzima alikuwa anaitoa, na alikuwa anafunika mkono kwa fulana ili tusiige.

Watu wakubwa wanalilia Capcom vs. SNK 2. Ina nini hasa? (Kigali)

Ina uhuru. Ilitoka 2001, unapewa pointi 4 ugawe mwenyewe, unaweza kumpa mmoja zote akawa dubwana au ukachukua watatu, mmoja wa mbili na wawili wa moja moja. Halafu unachagua Groove, yaani sheria utakazochezea wewe peke yako, ziko sita: C, A, P, S, N, K, ziunganishe uone zinasomekaje. P inakupa kuzuia pigo kwa kusukuma mbele kama Street Fighter III. K haijazi mita kwa kupiga, inajaza kwa kupigwa, ukishambuliwa unapanda hasira hadi unageuka mwekundu na kila pigo lako linauma zaidi. Kwa hiyo mnaweza kukaa Ryu kwa Ryu na bado mnacheza gemu mbili tofauti kwenye tivii moja. Sijaona tena kitu kama hicho.

Kinachouma ni kwamba Oktoba ya mwaka huohuo SNK wakatangaza kufilisika. Wamesherehekea harusi na jirani, miezi michache nyumba inauzwa. Jina lilihamia Playmore, KOF ikaendelea kwa kuchechemea, na 2016 ndo wakarudi kuitwa SNK tu. Hiyo CvS 2 sasa inapatikana kihalali ndani ya Capcom Fighting Collection 2, Mei 2025, na mtandaoni inachezeka.

Yule binti Mkenya wa Street Fighter naye ni wa SNK? (Mombasa)

Hapana dada, Elena ni wa Capcom, alianza Street Fighter III mwaka 1997. Ila umeuliza wakati mzuri maana kwenye Street Fighter 6 kaja msimu mmoja na wageni wa SNK: alianza Bison wa Capcom, wakafuata Terry na Mai wa SNK, kisha yeye Juni 2025. Anapigana kwa miguu, kule kwenye III hata ukibonyeza batani ya ngumi anakupa mguu. Wamempa capoeira, ambayo ni ya Brazil, japo walioianza ni Waafrika waliopelekwa kule utumwani, kwa hiyo sitagombana sana. Ningegombana na nguo, Kenya ina baridi ya Limuru jamani, mpeni sweta.

Ronaldo kafuata nini Fatal Fury? (Muscat)

Wewe uko huko Ghuba ungeniambia mimi. Kufikia 2022 asilimia 96 ya hisa za SNK zilikuwa kwa kampuni ya Saudia iliyo chini ya MiSK, taasisi ya mwanamfalme Mohammed bin Salman, na Ronaldo alienda kuchezea Al-Nassr ya hukohuko, jumlisha. Fatal Fury: City of the Wolves ilitoka Aprili 2025, tumeisubiri miaka 26 tangu Garou: Mark of the Wolves, halafu kwenye orodha unamkuta Cristiano anapiga mpira kwenye uso wa mtu. Mimi nimemzima, sijamgusa. Ken na Chun-Li walioletwa kutoka Street Fighter hao sawa, ni deni la Terry na Mai limelipwa. Ronaldo hakudaiwa na mtu.

Nina simu na laptop ya kawaida tu, nianze na ipi? (Iringa)

KOF '98. Ipo kwa simu na kwa kompyuta, haina stori wala nini, ni mechi tu, waliwarudisha hadi waliokufa ili mpigane. Ukiizoea nenda 2002 Unlimited Match, laptop yako haitatoa jasho. Usinunue za kuchomwa, mimi niliwahi kuuziwa diski imeandikwa KOF nafika nyumbani ni gemu ya kuvua samaki.

Chukua Terry, Kim na yeyote unayempenda sura. Usibamize batani. Siku ya kwanza fanya Power Wave tu, chini kwenda mbele na ngumi, mpaka itoke mara kumi bila kukosa upande wa kulia, kisha hamia kushoto uone ilivyo ngumu. Siku ya tatu ndo Power Geyser: chini, chini-nyuma, nyuma, rudi chini-nyuma, mbele, ngumi. Ile hatua ya kurudi chini-nyuma ndo wengi wanairuka halafu wanalaumu pedi. Kwenye kioo cha simu utateleza sana, tafuta pedi hata ya bei chee ya waya, na kidole gumba kikianza kuota malengelenge jua umefika pazuri, bandika plasta uendelee.