Mimba na zebaki: usitazame mkono, tazama sigiri

Mdogo wangu wa Tiira, unauliza kama uendelee kuosha dhahabu na mimba ya miezi miwili, maana wenzako wanasema zebaki haina neno, wanaishika mikono mitupu na hawaumwi. Nami niliishika miaka sita hapa Busia, Uganda. Kuhusu mkono hawakudanganyi sana, ngozi huipitisha kidogo mno. Balaa liko kwenye sigiri, lile jiko la mkaa tunalochomea.

Mvuke wa zebaki unaotoka kidonge cha zebaki iliyoshikana na dhahabu kikichomwa hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta, kama asilimia 80 hubaki mwilini, huingia kwenye damu na kupita kondo la nyuma mpaka kwa mtoto, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Mimi nilikuwa nachomea ndani, usiku, mlango nimeufunga kwa kuogopa wezi, watoto wamelala palepale. Mimba yangu ya pili ilitoka mwezi wa nne. Muuguzi akaniuliza nafanya kazi gani, nikamjibu nalima. Aibu tu! Mimba hutoka kwa mambo mengi, siibebeshi zebaki lawama yote, lakini onyo ambalo ningepewa siku ile nililikosa kwa mdomo wangu mwenyewe. Wewe kliniki taja kazi yako.

Mimba ya tatu niliacha karai nikauza chai na mandazi palepale machimboni, mbali na moshi. Pesa ilipungua, mume akanuna wiki mbili, akazoea. Kuchoma akahamishia nje, mbali na nyumba, na nguo za kazi hazikuingia ndani tena. Ritoti, chombo kilichofunikwa cha kuchomea, hunasa mvuke mwingi, ila hata hiyo asiishike mjamzito. Serikali yetu iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2019, na bado tulikuwa tunauziwa zebaki kwa kifuniko cha soda, kwa hiyo usingoje mtu aje kukukataza.

Samaki kula, mukene hasa, wale dagaa wa ziwani. Mputa (sangara) wakubwa punguza, kwani zebaki ikishaingia majini hujikusanya kwa samaki wanaokula wenzao.

Na yule aliyekushauri emumbwa, udongo wa dawa wanaotumia wajawazito, ikusafishe damu, msamehe. Udongo hauondoi zebaki, na udongo wa kula umewahi kupimwa ukakutwa na risasi na aseniki. Ukiacha kuuvuta huo mvuke, mwili huitoa zebaki wenyewe: karibu nusu yake hutoka ndani ya miezi miwili hivi. Una miezi saba mbele yako.