Kuwaeleza wenzetu habari za nyota: maswali na majibu

Wasomaji kadhaa walioanza kutazama nyota wameniandikia malalamiko yanayofanana: wamepata jambo wanalolipenda kwa moyo wote, lakini hawana wa kulizungumza naye.

Kila nikimweleza mume wangu nilichokiona angani, anaitikia tu huku macho yake yakiwa kwenye simu. Je, ninyamaze?

Usinyamaze, dada yangu, ila angalia unaanzia wapi. Sisi tuliokesha na darubini hupenda kuanzia pale tulipofika, ilhali mwenzetu hajaanza safari. Tunamtajia kipenyo cha lenzi na umbali wa miaka ya nuru kabla hajajua ageuze shingo upande gani. Nilimfanyia hivyo shemeji yangu karibu nusu saa, naye akanisikiliza kwa adabu tu. Usiku uliofuata sikueleza chochote: nilimpa darubini ndogo ya mkono, nikamwomba aegemeze viwiko juu ya ukuta wa uwani ili mikono isitetemeke, kisha aielekeze kwenye ile nyota kubwa nyeupe. Kumbe ilikuwa sayari ya Mshtarii, na kando yake aliona vinukta vimejipanga mstari mmoja kama shanga katika uzi. Nilipomwambia kwamba hiyo ni miezi ya sayari hiyo, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610, aliuliza maswali mpaka chai ikapoa. Mume wako naye mtoe nje kwa dakika tano, aone kwanza. Maelezo atayaomba mwenyewe.

Nikisema napenda nyota, jamaa huniuliza nyota zao zinasemaje, na mmoja ameshaniita mganga. Niwajibu nini?

Lawama si yao peke yao, kwa kuwa neno unajimu limebeba maana mbili: kuchunguza mwendo wa sayari na nyota, na kupiga ramli kwa nyota hizo hizo. Mimi husema ninajifunza elimu ya falaki, kwa sababu wengi wanaifahamu kama hesabu inayopanga kalenda na nyakati za sala. Usiwakemee, maana anayeuliza kuhusu nyota yake amekwisha kuonyesha kwamba anga inamgusa, na huo ni mlango.

Wenzangu kazini wanasema haya ni mambo ya Wazungu.

Waulize kama wanakijua Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo ambacho jina lake limetokana na kulima. Wazee wetu walisema: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Mwezi wa Mei, masika yakiwa bado yananyesha sehemu nyingi za pwani, Kilimia hupotea katika mwanga wa Jua, kisha mwezi wa Juni huonekana tena mashariki alfajiri, mvua zikiwa zimepungua. Waliotunga methali hiyo walikuwa watazamaji makini, na inaniuma kuona tukijinyima urithi huo. Tena, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya uhuru wa Kenya iliyoangukia siku hiyo.

Je, si afadhali nizungumze na wapenzi wa nyota pekee?

Watafute, kwani ukungu unaoota ndani ya lenzi kwa unyevu wa pwani ni kero ambayo mwenye darubini ndiye ataijadili nawe usiku kucha. Lakini usiwatenge majirani. Jioni ya kungojea mwezi uandame, wengi hutoka kutazama magharibi bila kualikwa na mtu. Ngoja jua lizame kabisa, utoke na darubini yako, na wa kwanza kuishika awe jirani.