Shavu la Mfalme Likitoka Jekundu, Usiitupe Sarafu

Msomaji aliyeko Berlin amenunua sarafu ya 1764 ya Prussia, ufalme wa zamani wa Wajerumani, yenye maandishi 12 EINEN REICHS THALER, akaisugua kwa dawa ya meno. Shavu la mfalme Friedrich II likatoka jekundu. Anauliza: nimeuziwa bandia?

Wekundu si ushahidi wa bandia. Umeichuna ngozi tu, ndugu. Sarafu 12 za aina hii zilitimiza taler moja, sarafu kubwa ya fedha, na taler 14 zilitolewa katika marki moja ya Köln (kipimo cha uzito) ya fedha safi, yapata gramu 233.9. Piga hesabu: fungu la kila sarafu ni gramu 1.39 za fedha. Hiyo pekee ingetoa kisarafu cha kupotea mfukoni, kwa hiyo iliongezwa shaba hadi gramu 3.71. Fedha ni sehemu 375 tu katika 1,000. (Na hicho ni kiwango cha halali! Zilizopigwa wakati wa Vita vya Miaka Saba zilichakachuliwa zaidi.) Kabla ya kupigwa chapa, vipande vilichovywa kwenye asidi ikala shaba ya juu, ukabaki utando mweupe wa fedha. Shavu na nywele zimeinuka, ndizo huvuliwa kwanza.

Pima. Tafuta mizani ya sonara inayosoma 0.01 ya gramu. Ukishapata uzito wa sarafu, weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha izamishe sarafu ikining'inia kwa uzi mwembamba bila kugusa chini wala ukuta. Ondoa mapovu, maana huongeza namba. Sarafu ya gramu 3.71 isome karibu 0.39. Ikiwa imelika, gawanya uzito wake kwa namba uliyoisoma majini: upate kama 9.5. Shaba tupu hutoa 9, fedha safi 10.5. Angalia na ukingo. Mstari wa kiungo kuuzunguka ni dalili ya sarafu ya kumiminwa.

Usafi? Asetoni dakika chache, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, gusisha kitambaa cha pamba. Kugusisha, si kusugua! Ndimu na magadi yenye karatasi ya alumini viache jikoni. Mifuko laini ya plastiki ya PVC nayo huacha ute wa kijani.

Utando ulioondoka haurudi. Sonara akikwambia ataipaka fedha upya, mshukuru, uondoke na sarafu yako.