Peponi na Maisha ya Tippu Tip: nimevisoma kwa kufuatanisha

Mkuu, umeuliza tumesoma nini siku hizi, riwaya na visivyo riwaya. Mimi nimemaliza viwili vinavyopita njia zilezile za misafara.

Cha kwanza ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobel ya fasihi. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaondoka kwao na tajiri Aziz akijua ni mjomba wake. Kufika dukani kwa Aziz, Khalil, kijana anayeuza hapo, anamtolea uvivu: huyu si mjomba wako, baba yako anadaiwa, wewe umewekwa rehani. Kilichonishika ni huyo Aziz. Hafoki. Ananukia manukato, ubani na ngozi kwa pamoja, na mtoto anaisikia harufu hiyo kabla hajajua anapelekwa wapi. Nikamkumbuka Fuad, yule bwana mwenye mashamba katika riwaya ya Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad (1978). Fuad unamchukia, unafunga kitabu, unalala. Aziz hakuachi ulale. Ila ile safari ya bara, hasa kule kwa mtemi Chatu, kwangu ilizidi urefu.

Cha pili ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Alifariki Zanzibar 1905. Kusema kweli kurasa nyingi ni kama daftari la duka: pembe frasila (kipimo cha uzito cha zamani) kadhaa, bunduki kadhaa, tukapigana, wakakimbia. Lakini vumilia ufike kwa mtemi Kasongo. Tippu Tip ameshasikia kwamba zamani wanawake wa ukoo ule walitekwa. Basi anakwenda kudai kwamba mmoja wao alinunuliwa na babu yake, akamzaa mama yake. Mzee wa watu anaamini, anamkabidhi utawala! Na msimulizi wala hapepesi macho. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka.

Maana wapagazi humo karibu wote hawana majina. Wanakodiwa, wanatoroka, wanakufa, wanahesabiwa. Kama ningeanza na kitabu hiki, pengine ningewapita tu. Lakini nilikuwa nimetoka kwa Yusuf, kwa hiyo kila Tippu Tip aliposema "watu wangu" nilijiuliza ni nani kati yao aliyeletwa kwa deni la baba yake.

Kwa hiyo anza na Peponi. Na kama hela ni ya kitabu kimoja, nunua hicho. Cha Tippu Tip azima, maana majina ya watemi yatakufanya ukiweke pembeni mara mbili tatu kabla hujakimaliza.