Tafuta watu wanaokuuliza kabla ya kukujibu

Meza yangu ya kwanza ilipasuka. Nilikuwa nimeunganisha mbao tano kwa gundi, nikazipiga randa mpaka zikalainika, kisha nikazikaza kwa skrubu kwenye fremu pande zote, nikiamini kwamba kukaza ndiko kuimarisha. Miezi michache ya hewa kavu ikatosha. Mpasuko ulianzia ncha moja ukafuata urefu wa ubao, mpana kiasi cha kuingiza sarafu.

Nikapiga picha, nikaipeleka kwenye kundi kubwa la useremala mtandaoni. Ndani ya saa moja nilikuwa na majibu zaidi ya arobaini. "Pole sana." "Jaza gundi." "Mbao mbovu hizo, badilisha muuzaji." "Lakini meza ni nzuri." Nikajaza gundi. Baada ya muda ukatokea mpasuko mwingine ubavuni mwa ule wa kwanza.

Baadaye nikaandika habari ileile kwenye jukwaa dogo la watu wanaofanya kazi kwa zana za mkono. Mtu wa kwanza alinijia kesho yake, tena na maswali matatu badala ya jibu. Uso wa meza umeufungaje kwenye fremu? Nyuzi za mbao zinaelekea wapi? Mbao zilikaa muda gani ndani ya nyumba kabla hujaanza kazi? Nilipomjibu lile la kwanza tu, akajua tatizo liko wapi. Mbao haziachi kunyonya na kutoa unyevu hata zikishakaushwa. Hutanuka na kusinyaa kwa upana, ilhali kwa urefu karibu hazibadiliki. Mimi nilikuwa nimeufunga upana kwa skrubu, kwa hiyo ubao ulipotaka kusinyaa ukakosa nafasi, ukachanika. Aliniambia nitoboe matundu marefu kwenye fremu, ili skrubu iteleze pamoja na ubao. Nikaichana meza kwenye mipasuko, nikaigundisha upya na kuifunga hivyo. Ninaitumia mpaka leo.

Tangu hapo, nikiingia mahali papya naangalia kwanza kama watu wanauliza kabla ya kujibu. Kwenye kazi za mikono kasoro moja huwa na chanzo zaidi ya kimoja. Chukua patasi isiyokata. Huenda pembe ya makali si sahihi, huenda mgongo wake haujanyooka, huenda ule ukingo mwembamba unaokunjikia upande wa pili wakati wa kunoa haujaondolewa, au chuma kiliungua kwenye mashine ya kunolea kikapoteza ugumu. Anayekwambia "nunua kinoo cha bei" bila kuuliza lolote anabahatisha, hata kama ana uzoefu wa miaka ishirini.

Sasa, mahali kama hapo panapatikanaje? Usitafute "jukwaa bora la useremala". Utaletewa orodha zilizoandikwa na watu ambao sidhani kama wamewahi kushika randa. Tafuta tatizo lenyewe, kwa maneno ya mafundi, kwa undani: randa inayorarua mbao yenye nyuzi zilizopinda, au patasi inayopoteza makali baada ya tundu moja. Mengi ya majadiliano ya kina yako kwa Kiingereza, kwa hiyo jifunze majina ishirini au thelathini ya zana na kasoro katika lugha hiyo. Yanatosha kuanzia. Ukifanya hivi wiki mbili utaona sehemu zilezile zinajirudia, na hapo ndipo pa kukaa usome kimya kabla ya kujiunga.

Mara nyingi utakuta chumba kidogo kando ya ukumbi mkubwa. Reddit, kwa mfano, mtandao wenye majukwaa mengi ndani yake, ina r/woodworking yenye mamilioni ya watu, na ina r/handtools, ndogo zaidi, ya zana za mkono. Kwenye ile kubwa picha ya kabati lililokamilika hupata sifa nyingi, na swali la kunoa huzama. Woodworking Stack Exchange ni ya maswali na majibu tu, majibu hupigiwa kura na maswali ya "kipi kizuri zaidi" hufungwa. Nzuri sana kwa tatizo lenye jibu, haifai kwa mazungumzo. Wafumaji wamebarikiwa kuliko sisi, kusema kweli. Wana Ravelry tangu 2007, ambako mtu huweka kazi yake pamoja na ruwaza aliyofuata, aina ya sufu na ukubwa wa sindano. Natamani maseremala tungekuwa na kumbukumbu ya namna hiyo.

Makundi ya WhatsApp, Telegram na Discord yanafaa kwa urafiki. Jibu zuri la leo asubuhi jioni limeshafunikwa na salamu, na Google haioni ndani yake.

Kuna kipimo kingine ambacho silegezi hata kidogo: ushauri wa hatari hupokewaje? Tambara lililolowa mafuta ya kitani, ukilikunjakunja na kulitupa kwenye pipa, linaweza kuwaka lenyewe, kwa sababu mafuta hayo hutoa joto yanapokauka. Hutandazwa nje mpaka likauke, au hutiwa majini. Tazama mtu anapoandika kwamba yeye huyarundika matambara hayo kwenye kona: je, kuna anayemsahihisha, na anamsahihisha kwa heshima? Vivyo hivyo kuchoma michoro kwenye mbao kwa umeme wa transfoma ya maikrowevu. Njia hiyo imeua watu, na chama cha wakereza mbao cha Marekani, American Association of Woodturners, kimeipiga marufuku kwenye shughuli zake. Nikikuta mahali inasifiwa na hakuna anayeonya, naondoka siku hiyohiyo.

Ukishapata mahali, uliza vizuri. Taja aina ya mbao, vipimo, ulichofanya hatua kwa hatua, na uweke picha ya ncha ya ubao, pale miduara ya mti inapoonekana. Kisha rudi useme kilichotokea, hata kama umeshindwa. Nimesoma mada nyingi zinazoishia kwenye "asante, nitajaribu", na anayekuja baadaye na tatizo lilelile hajui kama dawa ilifanya kazi.

Mimi nilirudi baada ya mwaka. Nilikuwa nimeweka alama ya penseli kando ya kila skrubu, na ile ya ukingoni ilikuwa imesogea karibu milimita mbili. Nikaweka picha. Yule aliyenisaidia akaandika kesho yake: umepima wakati wa ukavu au wa mvua?