Kwa mwenye kisima Utawala: baiodaijesta haiondoi nitreti, mchanga na vumbi la mbao huondoa

Ndugu uliyeuliza juzi, nimelisoma swali lako kwa makini. Una ploti ya futi hamsini kwa mia Utawala, hapa Nairobi, sewa haijafika, nyumba ina watu watano na mtoto yuko njiani. Maabara imekupa jibu kwamba kisima kina nitreti 68; nitreti ni chumvi ya nitrojeni inayoingia majini kutoka kwenye maji taka. Muuzaji wa baiodaijesta, yaani tangi la bakteria wanaokula uchafu wa choo, anasema mtambo wake unasafisha kila kitu, mwingine anakuuzia pampu ya hewa ya kuwaka usiku na mchana, nawe unauliza ujenge nini cha kusafisha maji taka kisichomeza tokeni za stima. Mimi niko Ruai, nina mfumo wa mchanga na vumbi la mbao nyuma ya nyumba, na majirani kadhaa nimewasaidia kujenga wao.

Kwanza mtoto. Usingoje mjengo uishe. Kikomo cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 50 za nitreti kwa lita, na kimewekwa hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo, maana nitreti huifanya damu yao ishindwe kubeba oksijeni. Kuchemsha hakusaidii: maji huenda na mvuke, nitreti inabaki sufuriani ikiwa kali zaidi. Klorini nayo haiigusi. Mtoto akifika, tumia yale maji ya kujaza ya lita 20, lakini muulize muuzaji kama yamepita kwenye mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando unaozuia chumvi, au yamechujwa tu. Kuchujwa tu hakutoshi.

Halafu rudia karatasi ya maabara uangalie kipimo. Kuna maabara zinazoandika nitreti yenyewe, na nyingine huandika nitrojeni iliyomo ndani ya nitreti. Kikomo cha 50 kwa hesabu ya kwanza ni kama 11 kwa hesabu ya pili. Kama 68 yako ni ya nitrojeni, basi nitreti yako inakaribia 300, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Sasa maji taka. Mtu mzima hutoa takriban gramu 10 za nitrojeni kwa siku, nyingi zikiwa kwenye mkojo. Septiki hutuliza tope na kuzuia mafuta, ila nitrojeni inapita karibu yote, ikitoka kama amonia. Baiodaijesta ni vivyo hivyo. Bakteria wake hula uchafu pasipo hewa, tope linapungua, lori la kunyonya huitwa mara chache, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini amonia imo. Ikishuka ardhini penye hewa, bakteria wengine huigeuza nitreti, na nitreti haishikwi na udongo, inasafiri na maji. Zile mita 30 kati ya shimo na kisima zinazotajwa na kila fundi husaidia vijidudu vife njiani. Nitreti haifi. Na huku kwetu mashimo mengi huchimbwa kupita udongo mweusi hadi kwenye mwamba wenye nyufa, kwa hiyo hata ule udongo haupati nafasi ya kufanya kazi yake.

Kuiondoa kuna hatua mbili, na mpangilio wake haupinduliwi. Kwanza amonia ipate hewa iwe nitreti. Kisha nitreti iingie mahali pasipo hewa, penye kaboni ya kulisha bakteria, iwe gesi ya nitrojeni, ileile iliyojaa hewani, ipae zake. Mitambo mingi midogo ya pampu ya hewa hufanya hatua ya kwanza vizuri na ya pili nusunusu. Unaona maji meupe, hayanuki, unafurahi, kumbe nitreti yote imo. Pampu ya wati 80 isiyozimwa hula karibu yuniti 58 kwa mwezi. Mimi singenunua.

Ninachopendekeza ni kitanda cha mchanga. Maji yanatoka septiki, yanamwagwa kwa vipindi juu ya sentimita 45 za mchanga, ambamo hewa hupita yenyewe kati ya dozi na dozi. Chini yake kuna sentimita 45 nyingine za mchanga uliochanganywa na vumbi la mbao, sehemu hii ikizungushiwa karatasi nzito ya plastiki ili ibaki imelowa, isiingie hewa; hilo vumbi ndilo kaboni ya bakteria. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stony Brook wamekuwa wakiujaribu mpango huu katika kaunti ya Suffolk, jimbo la New York, ambako nyumba zaidi ya 300,000 hazina sewa na nitrojeni imeziharibu ghuba zao. Kule baridi huwapunguzia bakteria kasi. Sisi Nairobi hata Julai hatufiki huko.

Kwa watu watano, lita 500 kwa siku, panga mita za mraba 12 hivi. Ploti yako inatosha.

Mchanga ndio unaoua mifumo hii. Chukua wa mto, tia nusu chupa ya jemu, jaza maji, tikisa, acha mpaka kesho. Ukiona utando mnene wa tope juu ya mchanga, rudisha lori. Vumbi la kokoto usikubali hata ukipewa bure, huziba. Kwenye mbao uwe mkali vilevile: vumbi la mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, lina shaba, kromi na aseniki, nawe unalizika juu ya maji unayokunywa. Enda mwenyewe kwenye mashine ya kupasulia, uone gogo likipasuliwa.

Ploti ikiwa na mteremko hutahitaji stima kabisa. Ndoo ya kupinduka yenyewe inatosha kumwaga dozi. Ikiwa tambarare, pampu ya wati 250 yenye saa, ikifanya kazi nusu saa kwa siku, haifiki yuniti nne kwa mwezi. Miezi ya kwanza maji yatatoka na rangi ya chai kwa sababu ya mbao, usiogope. Hatua ya kugeuza amonia iwe nitreti hula magadi yaliyomo majini, yale yanayozuia maji yasiwe na asidi. Maji ya visima vyetu huwa nayo tele, lakini ukihamia maji ya bomba ya bwawa la Ndakaini, ambayo ni laini, changanya mawe ya chokaa yaliyopondwa kwenye mchanga wa juu.

Jambo moja gumu: kitanda chako hakitashusha 68 peke yake. Nitreti hiyo ni ya mtaa mzima, na jirani wa upande wa juu anakuchangia. Kabla ya kuchimba mwone afisa wa afya ya umma wa kaunti, na uende na jirani huyo. Ukipata kipimo sahihi cha maabara, kiandike hapa pamoja na kina cha kisima na upande ploti inakoteremkia, nikusaidie kukadiria mabomba.